Kijani cha Kwenye Simu

Mwanamke mmoja alikuwa na mkeka mmoja wa zambarau, na katika simu yake alikuwa na mikeka saba. Jina lake Siwatu. Alisuka pamoja na mdogo wake, Hidaya, na rangi pekee aliyojua kuipika ilikuwa hiyo ya zambarau. Lakini simu haihitaji kuni. Aliupiga picha mkeka wake, akaugusa kwa kidole ukawa mwekundu, akaugusa tena ukawa wa bluu, wa manjano, wa kijani. Akaitangaza yote. Aliyeagiza mwekundu aliletewa wa zambarau, na akilalamika aliambiwa kwamba simu yake ndiyo inayogeuza rangi. Wengi walinyamaza, wakatandika walichopata. Siwatu akaona kunyamaza kwao ni kuridhika.

Siku moja ulimfikia ujumbe wa sauti kutoka kwa Bi Mashavu, mama mmoja aliyeishi bondeni, kwenye mashamba ya mpunga. Alisema, "Mwanangu, mume wangu hatoki tena ndani. Maisha yake yote amelima mpunga, na sasa anatazama ukuta tu. Nimeuona mkeka wako wa kijani. Nataka nimtandikie mbele ya kitanda, macho yake yapate pa kupumzikia."

Siwatu aliusikiliza, akaurudia. Hidaya alikuwa ameshaanza kuukunja mkeka wa zambarau.

"Dada, tumpelekee huu. Mgonjwa atajuaje?"

"Ukunjue," Siwatu akasema. "Huyu ameomba kijani, atapata kijani."

Duka la karibu halikuwa na rangi hiyo, akaifuata mjini. Chane za kwanza za ukindu alizochemsha zilitoka na mabaka, akazitupa. Za pili zilipendeza, hadi alipozisugua kwa kitambaa kilicholowa, rangi yote ikahamia kwenye kitambaa. Hidaya akamsihi aache, kwamba mtu haumii hivi kwa ajili ya picha. Siwatu akachochea kuni. Moshi ulimtoa machozi, vidole vikawa vya kijani hadi kwenye kucha, na kila alichokula kilinuka rangi. Akaongeza chumvi, akaziacha chane zichemke kutwa, kisha zilale humo humo majini. Asubuhi alipozisugua, kitambaa kilibaki cheupe. Ndipo akaketi kusuka, na Hidaya, bila kuambiwa, akaketi upande wa pili.

Mkeka ulipokwisha, kijani chake kilikuwa kimekolea, hakikuwa na mng'ao wa kile cha kwenye simu. Siwatu aliupeleka mwenyewe. Alipofika mlangoni alimwambia Bi Mashavu, "Mama, picha uliyoiona ilikuwa ya uongo. Sikuwa na mkeka wa kijani. Huu nimeusuka baada ya wewe kuagiza, na haufanani na ule. Ukiukataa, nitarudi nao."

Bi Mashavu alinyoosha mikono. Aliuchukua, akaingia ndani, akautandika. Mzee aliuacha ukuta, akageuza kichwa polepole, akautazama mkeka kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mpunga huu umeshika mizizi."

Siwatu alirudi nyumbani akazifuta picha zote za uongo. Wale aliowadanganya akawapigia simu mmoja mmoja. Wengine walimtukana, naye akayapokea matusi yao kwa kuwa yalikuwa haki yake. Alipomaliza, aliinuka akateka maji, akabandika sufuria apike rangi nyekundu.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu amekwisha kuwaonyesha watu rangi zake: huyu mkarimu, yule mwenye subira, mwingine mcha Mungu. Katika hizo ulizotangaza wewe, ni ipi uliyokwisha kuipika?