Aliyeirudisha Bendera

Wamepokea watu wema wa zamani, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika ngome moja ya mpakani alikuwapo mchota maji, na wengine wanasema jina lake lilikuwa Zurara. Mama yake alikuwa amepooza. Zurara ndiye aliyemlisha, akamfulia, akamgeuza ubavu huu na ubavu huu asiote vidonda. Na pamoja na taabu yote hiyo, bibi yule hakumtambua. Alimwita Habibu, jina la mwanawe mkubwa aliyekufa shahidi bendera ikiwa mkononi, Mola amrehemu. Kila akiitwa hivyo Zurara husema, "Mama, mimi si Habibu." Mama hugeuza uso ukutani.

Miaka ikapita kwa namna hiyo, na binadamu huchoka.

Basi adui alipokaribia, Zurara akaenda kuiomba bendera. Watu wote walijua kwamba mwenye bendera harudi, na kwamba jina lake husomwa msikitini kila Ijumaa. Jirani yake, Bi Rabaab, akakubali kumtunza mama, ingawa alinung'unika kuwa hata yeye mgongo wake haumtii.

Ilikuwa desturi ya ngome ile kwamba anayepewa bendera husimama mbele ya safu akasema, "Simwachi nyuma yeyote mwenye haki juu yangu." Zurara akaishika, akafungua kinywa, maneno yakakataa kutoka. Amiri Musayyab, mkuu wa ngome, akamngoja.

"Ewe Amiri," akasema mwisho, "ninaye mama. Na wallahi siitaki bendera hii kwa ajili ya Mungu. Nimechoka tu. Nimeona kufa mara moja ni rahisi kuliko kufua yale mashuka kila alfajiri, kisha niitwe kwa jina la mwingine."

Mmoja katika safu akacheka, akasema kumbe shujaa wetu anakimbia mashuka. Amiri akamtazama hata akanyamaza, kisha akaipokea bendera taratibu.

"Hata mimi nimechoka, mwanangu," akasema. "Nenda. Na ukimgeuza mama yako, utuombee."

Bendera akapewa mwingine, naye hakuifikia adhuhuri. Jina lake lilisomwa miaka mingi.

Zurara akarudi na viriba vyake vya maji. Mama akasikia mlango. "Habibu, umerudi?"

Akavitua viriba pale kizingitini.

"Labeka, mama. Nimerudi."

Akaingia, akamgeuza.

Bibi aliishi sana baada ya hapo, na Zurara akazeeka akichota maji. Hakuna aliyeiandika siku aliyokufa, na hao waliotupokeza kisa hiki wamehitilafiana hata katika jina lake.

Ndugu yangu, wako waombao kufa kwa ajili ya dini na kumbe wanaikimbia nyumba, nami sijitoi miongoni mwao. Mola aturuzuku subira katika kazi isiyo na jina. Yeye hakuhitilafiana na mtu juu ya jina la yule mchota maji.