Nyati na Kiti cha Ng'ambo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majumba na majiko na kupokea wageni, Mama Sokwe alimwinua mtoto wake mchanga juu ya majani, akamwelekeza ng'ambo ya bonde, akatulia naye hivyo kitambo kizuri. Kwa nini alifanya vile? Sijui. Kisa hiki nimekigeuza huku na huku tangu nilipokisikia, na bado sijui. Wapo wasemao alikuwa akimwotesha mtoto jua. Wengine wana yao. Mimi nitawasimulia yaliyotokea, nanyi mkipata jibu mniambie.

Jamaa ya Sokwe walikaa juu mlimani, ndani ya msitu wa mianzi ambako ukungu haukauki mpaka jua lipande. Mkubwa wao, Mzee Sokwe, mgongo wake ulikuwa umeshakuwa mweupe kama majivu. Wanyama wa nchi nzima walitamani kwenda kuwaona, na aliyewaongoza wageni alikuwa Kindi.

Kindi alikuwa mdogo, mkia wake mrefu kuliko kiwiliwili, na maneno yake marefu kuliko mkia. Nyumba yake ilikuwa penye lango la msitu. Hapo aliwakaribisha wageni, akawapa uji, akawaeleza taratibu: hakuna kupiga kelele, hakuna kuwasogelea wenyeji, na mwenye mafua hapandi. Kisha kila mgeni aliinama, Kindi akaweka sikio kifuani pake na kusikiliza.

Utaratibu huo wa mafua ulikuwa na kaburi nyuma yake. Msimu mmoja mgeni alipanda huku akikohoa. Mafua ambayo kwake yalikuwa ya kupenga kamasi na kusahau, yalishuka kifuani mwa mtoto wa Sokwe, na mtoto hakupona. Kindi ndiye aliyesaidia kukusanya majani ya kumfunika. Na sasa Mama Sokwe alikuwa amejifungua tena. Mtoto hajapewa hata jina.

Asubuhi hiyo wakafika wageni wawili: Nyati mzee, na mtani wake Ngiri.

Nyati huyu kundi lake lilikuwa limemwacha. Ndivyo desturi ya nyati ilivyo. Dume akizeeka, vijana humsukuma pembeni, naye huishia topeni peke yake, akiongea na ndege wanaomchokoa kupe. Akiwa huko topeni alisikia kwamba mlimani yupo mzee mwenye mgongo mweupe, na watoto bado wanamlalia. Hakuamini. Akasema atakwenda kuona kwa macho yake kabla hajafa, maana kama jambo hilo linawezekana mahali popote duniani, yeye alitaka kulijua.

Lakini njiani mvua ilimnyea, akapata mafua. Alipokaribia langoni alizibandika pua zake udongo, akabana pumzi.

"Mtani," Ngiri alimnong'oneza, "umejisiliba kama ukuta."

"Nyamaza. Wewe ulizaliwa na uso wa hivyo, mimi nimeupaka tu."

Kindi akaruka begani kwa Nyati, akashuka, akaweka sikio. Mle ndani mlikuwa mkichemka: gwaa, gwaa, kama maharage chunguni.

Kindi akapima moyoni. Angemkataza, Nyati angempangusa kama jani na kupanda mwenyewe, kwani nani mlimani pale angemzuia? Akamtazama machoni. Hakuona ukorofi ndani yake, aliona hamu tu. Akamuuliza kwa upole amefuata nini huko juu. Nyati akamweleza habari ya mzee na watoto, na sauti ikamkatika katikati, si kwa sababu ya mafua.

Basi Kindi akashuka, akajikung'uta, akainama mpaka pua ikagusa chini.

"Babu, nisamehe. Sikujua kuwa ni wewe."

"Ni mimi nani?"

"Mgeni mkubwa. Wenyeji wamekusubiri. Kwao wageni wadogo ndio wanaokwenda kuwatazama. Mgeni mkubwa haendi kutazama, huketishwa ng'ambo ya bonde, penye kiti chake, ili wao wamtazame."

Nyati akainua kichwa taratibu. Tangu kundi limwache hakuna aliyetaka kumtazama.

"Wanitazame mimi?"

"Wewe, babu. Ila kuna adabu zake. Mgeni mkubwa haonyeshi meno. Atafunika pua na mdomo kwa jani la mgomba, asiliondoe mpaka ashuke."

Ngiri akamtazama Kindi, akatazama zile pua za udongo, akaelewa yote. Akainamisha kichwa kuficha kicheko, akasema kwa unyonge kwamba yeye hana cheo, atakwenda tu huko kwenye majani, karibu na wenyeji, na wadogo wenzake.

"Nenda," Nyati akamwambia kwa huruma. "Usione aibu. Si wote waliojaliwa."

Kindi akawatangulia mbio. Ng'ambo ya bonde, mahali ambapo upepo ulitoka kwa Sokwe kwenda kwa mgeni wala haukurudi, alikuta gogo limelala. Akalifagia kwa mkia, akalitandika majani ya mgomba, akachomeka maua mawili matatu. Nyati alipofika, kiti kilikuwa tayari. Akaketi, jani usoni, kifua mbele. Kindi akamwacha hapo, akasikiliza kifua cha Ngiri, akakikuta kizima, akampeleka upande wa pili.

Ukungu ukainuka kama pazia la mlangoni. Na hapo, mbali, kwenye uwazi wa msitu, Nyati akawaona.

Mzee Sokwe alikuwa ameketi akitafuna shina la mmea, kacha, kacha. Mgongo wake ulikuwa mweupe kweli. Mtoto mmoja alikuwa akiupanda na kuteleza, akiupanda na kuteleza. Mwingine alikuwa amelala juu ya tumbo lake, na mwingine alimvuta sikio. Mzee hakumfukuza hata mmoja. Alipochoka kuvutwa sikio, aligeuza tu kichwa ili mtoto avute la pili.

Nyati alisahau kwamba yeye ndiye wa kutazamwa. Machozi yakamtoka, yakalainisha udongo wa puani, udongo ukadondoka, na chafya iliyokuwa imefungiwa tangu alfajiri ikapata njia.

"Haaa-chyaa!"

Jani la mgomba likachanika katikati. Ndege wakaruka bonde zima. Mzee Sokwe akasimama wima na kupiga kifua, pu-pu-pu-pu-pu, na Kindi, huko majanini, akaushika mkia wake kwa mikono miwili akijua kwamba sasa jamaa nzima itatoweka mianzini.

Hawakukimbia. Waligeuka wote kumtazama yule mzee aliyeketi peke yake ng'ambo. Ndipo Mama Sokwe alipomwinua mtoto wake juu ya majani.

Nyati akapiga magoti ya mbele. Akabaki hivyo mpaka ukungu ulipowafunika tena.

Waliposhuka, Nyati alitembea polepole, kichwa juu. Lakini tumbo la Ngiri lilikuwa limejaa kicheko, na kicheko hakikai tumboni siku nzima.

"Mtani, kiti chako kizuri. Majani yake yalikatwa leo asubuhi, utomvu bado unatoka."

Nyati akasimama. Akamtazama Kindi, na kwato yake moja ikaanza kuchimba ardhi.

"Ulinidanganya?"

Kindi angeweza kukimbilia mtini. Mti ulikuwa hatua chache tu. Hakwenda.

"Nilikudanganya, babu. Niliusikia mchemko kifuani mwako." Akamsimulia habari ya yule mtoto wa kwanza, na majani aliyoyakusanya. "Ungekaa karibu, yule uliyeinuliwa leo asingemaliza mwezi."

Kwato ikaacha kuchimba.

"Ungeniambia tu."

"Ungenisikia?"

Nyati hakutaka kujibu uongo juu ya uongo.

"Nisingesikia," akasema. "Nilikuwa nimeziba pua. Masikio nayo nadhani niliyaziba."

Ngiri alitaka kuongeza neno la utani, akaliacha. Wakaingia nyumbani kwa Kindi. Kindi akapika uji wa tangawizi, akammiminia Nyati bakuli kubwa kuliko yeye mwenyewe, na wakazungumza mpaka bakuli likakauka.

Basi wanangu, mafunzo yake ni haya: mgeni mwema ni yule anayejua mahali pa kuketi.

Na uamuzi walioupitisha watatu hao siku ile ni kwamba kiti cha ng'ambo kisiondolewe. Mgonjwa asifukuzwe, maana naye ametembea, naye ana hamu yake. Aketi ng'ambo, upepo umpige usoni, atazame kwa mbali, ila aambiwe ukweli tangu langoni. Likabaki swali la nani atakayemwambia ukweli Kifaru akija na kikohozi, na nani atakayemwambia Kiboko.

Aliyeifanya kazi hiyo alikuwa Nyati. Hakurudi topeni. Mafua yalipomwisha alilala amekingama njiani, langoni, na kila aliyefika, awe mkubwa namna gani, aliinama, na Nyati akaweka sikio lake zee kifuani pake, akafumba macho na kusikiliza.