Tonge la Marehemu

Hapo zamani za kale, enzi zile embe lilikuwa haliliwi kabla hajatajwa aliyepanda mti, Tembo na Digidigi walikuwa na shamba moja. Tembo alikuwa na mwembe dodo, wenye maembe makubwa. Digidigi alikuwa na mwembe sindano, vijiembe vidogo vitamu, uliopandwa na marehemu bibi yake, Bi Mwanasha.

Siku moja Tembo akasema, "Mjukuu wangu, mti wako unakula udongo bure. Tuvune, tupime kwa mapakacha. Utakaozaa kidogo tuukate kuni."

Digidigi akautazama ule mti. Hapo chini bibi alikuwa akimmenyea maembe kwa meno, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Haya, babu," akasema.

Wakavuna, pu, pu, pu! Kufikia adhuhuri Tembo alikuwa na mapakacha kumi, Digidigi manne. Tembo akaanza kunoa shoka.

"Babu, tutapimaje kabla ya tonge la marehemu?" Digidigi akauliza. "Zamani kila mmoja aliwataja wazee wake waliotangulia. Kila jina, tonge moja la kujaza kinywa. Kisha hupimwa kilichobaki."

Tembo akaliweka shoka chini. "Ee, mjukuu wangu. Mama alikuwa akitulisha tonge hilo kwa mkonga wake. Tumeacha mengi mazuri. Haya, anza wewe."

"Mimi aliyenilea ni Bi Mwanasha peke yake," Digidigi akasema, akala embe moja.

Tembo akacheka. "Mmoja tu? Ukoo wangu mimi ni mkubwa. Babu Mkonga!" Nyam! Nusu pakacha ikaisha. "Shangazi Masikio!" Nyam!

"Na yule aliyechimba kisima?" Digidigi akauliza.

"Loo, mjomba Kishindo!" Nyam!

Kila aliyetajwa alimkumbusha mwingine, na Tembo alikula huku machozi yakimtoka. Jua lilipopinda, yalibaki mapakacha mawili. Ya Digidigi yalikuwa yale yale manne, pungufu ya embe moja.

"Umeniweza, we mdogo," Tembo akasema.

"Wazee ni wako, babu, na kinywa ni chako."

Tembo akaliacha shoka pale chini, na hakuna mti uliokatwa. Kisha akaomba kijiembe kimoja cha sindano. "Nimtaje na Bi Mwanasha," akasema. "Alinipa maembe nilipokuwa mtoto."

Basi wanangu, mavuno ni yale yaliyobaki pakachani.