Sori ya Fisi

Paukwa.
Pakawa.
Itikieni taratibu leo, hadithi hii ina mfiwa ndani yake.
Pakawa.

Basi Fisi alikuwa akizurura karibu na kambi ya watalii, akiokota mifupa. Huko akajifunza neno la Kizungu: sori. Mzungu akimkanyaga mwenzake, sori. Akitaka kupita, sori. Asiposikia vizuri, sori. Rafiki yake akifiwa, sori hiyohiyo. Fisi akafurahi kupita kiasi. Sisi huku kila jambo lina neno lake, kumbe wenzetu wanayamaliza yote kwa moja!

Tangu hapo akimpora Kobe chakula, sori. Akivunja mayai ya Kanga, sori. Mwisho akamla Chiku, binti mkubwa wa Bi Pimbi, kisha akaenda kupiga hodi kwa mama mtu.

"Sori, Bi Pimbi."

"Sori ya nini, Bwana Fisi?"

"Ya Chiku. Na kesho nakuja kumla mdogo wake. Sori ya hiyo pia."

Bi Pimbi mwenyewe ni mdogo, kikapu kimoja kinamtosha. Alikuwa na uchungu usiosemeka, na mtoto mmoja tu aliyebaki. Akasema, "Kwetu pole haitolewi mlangoni. Mwanamume huja msibani, huchimba kaburi, ndipo hula ubwabwa na nyama."

Fisi aliposikia nyama, mate yakamtoka. "Lakini kaburi la nani? Chiku yumo tumboni mwangu."

"Hapa hakipakuliwi kitu mpaka kaburi liwe tayari."

Fisi akapewa jembe, akachimba. Chwa, chwa, chwa.

"Limetosha?"

"Bado, baba. Chimba."

Chwa, chwa, chwa.

"Limetosha?"

"Bado, baba. Masikio yako nayaona. Chimba."

Chwa, chwa, chwa, mpaka sauti yake ikawa inatoka chini kama ya mtu aliyetumbukia kisimani, na kupanda hawezi tena.

Hapo majirani wakaja, Kobe, Kanga na wengine, kila mmoja akatia udongo wake kama ilivyo desturi ya mazishi. Pu. Pu. Pu.

"Mnamzika nani?" akauliza Fisi.

"Tunamzika Chiku," akasema Bi Pimbi. "Si umesema yumo?"

Alifukia huku analia, na kaburi lilipojaa aliendelea kulia. Jioni mdogo mtu akauliza dada yake atarudi lini. Bi Pimbi akampakata, akampakulia ubwabwa.

Funzo lake, watoto wangu: mtu akija kukuomba radhi, mpokee kwa adabu, na umpatie jembe.

Hadithi nimeifukia hapo. Mwenye swali akamuulize Fisi.