Honi Mahali pa Pumzi

Kila mkikosa mhubiri mnanikumbuka mimi. Shule sikusoma, magoti yananiuma, na mfano wenyewe mnautaka wa gari, kitu ambacho mimi hupanda tu na kushuka. Haya. Huyo anayesinzia kule nyuma aamshwe.

Kulikuwa na dereva mmoja mwenye pikapu kuukuu. Asubuhi hiyo alimpakia mkewe, mtoto wao mchanga na mama mkwe wake, wamuwahi padri anayefika kanisa la mlimani mara tatu tu kwa mwaka. Mtoto abatizwe. Kwao mama mkwe na mkwewe hawasemezani, basi mama akakaa nyuma kwenye bodi, anatazama walikotoka.

Mlima ulipoanza, gari likakoroma, likaishiwa nguvu. Dereva akashangaa. Si huu huu anaoupanda kila wiki na magunia ya viazi? Akafunua boneti. Maji yapo. Mafuta yapo. Plagi safi. Akanusa, akasikiliza, akakuna kichwa. Nini kinalikaba?

Mama mkwe naye akashuka, akachungulia injini kama anayechungulia chungu cha jirani.

"Mwulize mumeo," akamwambia binti yake, na mume kasimama papo hapo, "gari linavutia pumzi wapi?"

"Mwambie mama, kwa huu mpira mweusi. Mdomo wake ulikuwa mbele, karibu na taa, penye upepo."

"Ulikuwa?" Mama akasahau adabu, akamtazama usoni.

Juzi dereva alifunga honi kubwa, inalia kama mafahali wawili. Ikakosa nafasi. Akaupinda mpira, mdomo ukaangalia bomba la moshi linapotoka injini, penye joto kali.

Mama akaugusa, akautoa mkono upesi. "Mwambie mumeo, nani anapanda mlima huku anajifukiza?"

Saa zinakwenda. Spana ya kuifungua honi aliiacha nyumbani. Chini ya kiti kulikuwa na kitambaa cha kung'arishia honi. Basi wakasukuma, mke na mtoto mgongoni, mama mkwe kajifunga kanga kiunoni. Mama mkwe, nasema, anasukuma gari la mkwewe! Walipofika, kanisa limefungwa. Padri keshaondoka.

Na sisi je? Upepo wa Mungu uko mbele yetu, hauuzwi. Wangapi tumeipinda sala pembeni ili tupate pa kufunga honi? Tunataka tusikike. Kisha tunavuta moto wa hasira zetu wenyewe, tunautoa, tunauvuta tena, na tukishindwa tunaulaumu mlima. Halafu anayetusukuma ni nani? Si yule yule tusiyemsemesha?

Mtoto alingoja miezi minne. Dereva naye, wazee walimtoza mbuzi jike, wa kumfuta mama mkwe aibu. Siku ya ubatizo pikapu ilikuwa kwa fundi, kwa hiyo alimkokota mnyama huyo kwa miguu, mlima ule ule, na njia nzima aliyepiga honi alikuwa mbuzi.