Chuo Kisichotaka Swali

Palikuwa na Sultani, jina lake Shaame, aliyekuwa na shemeji, naye hajui pa kumweka. Shemeji mwenyewe ni Mwinyimvua, kaka wa mke mpenzi, na mke mpenzi hakataliwi. Alipewa zizi la farasi, farasi wakakonda. Akapewa ghala la nafaka, panya wakanenepa. Ndipo ikaonekana wazi kwamba anafaa kuongoza chuo. Watoto, alisema Sultani, hawafi upesi kama farasi.

Na ukuu wa chuo aliuweza, msimdharau! Akashonesha joho la darizi. Akaagiza kiti chenye mgongo mrefu kuliko wake. Akipita, walimu husimama. Akirudi, husimama tena. Wengine wakaona heri wasikae kabisa. Kufundisha alifundisha siku moja tu, na siku hiyo ndiyo iliyozua balaa.

Aliingia darasani, akatangaza: "Nane na tano ni kumi na mbili."

Darasa zima likaandika. Isipokuwa binti mmoja, Mwanahija, mtoto wa Siwatu mfinyanzi. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na ile moja imekwenda wapi?"

Jamaa zangu, hilo ni swali ambalo katika nchi ile hakuna mkubwa aliyependa kulisikia, awe wa chuo, awe wa ghala. Mwinyimvua akalowa jasho ndani ya darizi zake. Akakimbilia kwa shemejiye, pindo la joho mkononi.

Jioni ile ile mbiu ikapigwa: Ndani ya kuta za chuo haulizwi swali. Atakayeuliza atatolewa nje na askari, wala asirudi. Amri ni kwa mkubwa na mdogo, bila upendeleo. Maneno hayo ya mwisho Sultani aliyatia mwenyewe. Aliyapenda sana, maana alikuwa ametoka kumpa shemejiye cheo.

Mwanahija akafukuzwa. Mama yake akaitwa aje chuoni, apige magoti mbele ya wanafunzi, aombe radhi kwa kuzaa mwulizaji. Akikataa, tanuri lake la vyungu livunjwe, naye ahame mji.

Siwatu hakuwa na mume wala shamba. Alikuwa na udongo, na mtoto, na ulimi. Mwanahija akamshika kanga, analia. "Mama, omba radhi tu yaishe."

"Nitaomba, mwanangu. Wanionyeshe kosa kwanza."

Lakini njiani aligeuka kulitazama tanuri. Tanuri lile ndilo lililowalisha.

Uani mwa chuo akawakuta wote wamejipanga: walimu wamesimama kama kawaida yao, wanafunzi safu kwa safu, Mwinyimvua kitini pake, Sultani anaandaliwa chake. Langoni kasimama askari mwenye amri ya kutoa waulizaji.

Sultani akakohoa. "Wewe ndiye mama yake Mwanahija?"

Siwatu akashika kinywa. "Maskini! Hajakaa hata kitini, keshafukuzwa."

"Nani kafukuzwa?"

"La pili hilo, Mtukufu."

Askari akamtazama Sultani. Akalitazama lango. Akaamua kutazama viatu vyake.

Sultani hakuwa mjinga kiasi hicho. Akabadili mwendo. "Piga magoti."

Siwatu akapiga magoti.

"Mtaje aliyemfundisha mwanao kuuliza."

"Njaa, Mtukufu. Siku aliyozaliwa alilia akiulizia ziwa. Angenyamaza, tungemzika."

Mwinyimvua akaruka kutoka kitini. "Umeona alivyo mjeuri, shemeji?"

"La tatu!" wakaitikia watoto kwa pamoja, kama wasomao. Hesabu hiyo hakuna aliyeikosea.

Mwinyimvua akageuka mwekundu. "Mwenye kuuliza ni mjinga!"

"Ndiyo maana nilimleta chuoni, bwana mkuu," akajibu Siwatu. "Angekuwa anajua, ningemleta akupokee kazi."

"Chuo kinataka nidhamu!"

"Nidhamu nzuri, bwana. Hata makaburini ipo. Wote kimya, wamelala safu kwa safu, hakuna anayeuliza neno. Ila bado hatujamsikia aliyefaulu."

Walimu wakainamisha vichwa, mabega yanawatikisika. Mmoja akajifanya anakohoa, wengine wakaambukizwa kikohozi.

Siwatu akamgeukia Sultani, sauti ameishusha, kwa adabu zote. "Mtukufu, magoti nimepiga, na radhi ni neno dogo. Lakini neno lako ni amri, tena ulisema bila upendeleo. Akitoka mwanangu kwa swali moja, watoke na wakubwa wenye maswali yao. Wakibaki wakubwa, abaki naye. Chagua wewe, mimi mfinyanzi tu."

Askari, mtu mtiifu kupita kiasi, akapiga hatua moja kumwelekea Sultani.

"Amri imefutwa!" Sultani akapaza sauti. "Mtoto arudi darasani! Tanuri lisiguswe! Nawe askari, rudi mahali pako!"

Wanafunzi wakashangilia. Sultani akajifuta uso, akajiona mdogo mbele ya watoto wa watu, akataka ajikweze angalau kwa ukarimu. Akaketi vizuri, akatuna kifua.

"Haya, sasa nauliza, na hapana wa kunitoa. Bi Siwatu, wewe unayejiona mjuzi, sema mbele ya wote, wala usiogope. Chuo changu kimepungukiwa na nini?"

"Hakijapungukiwa, Mtukufu. Kimezidisha."

"Kimezidisha nini?"

Siwatu akainuka, akakung'uta vumbi magotini.

"Shemeji."