Nani Ale Kidari cha Ndekirwa?

Haya, sogeeni. Walio nyuma wasikie, walio mbele waache kutafuna, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki jibu lenye karanga ndani.

Palikuwa na wanaume wanne waliofanya kazi pamoja kwenye Mlima Kilimanjaro, na kila mmoja alikuwa na chake alichojaliwa.

Lemburis, Mwarusha, alijaliwa masikio. Akiwa amelala ndani ya hema alikwambia nani anapita nje, kabeba nini, na kiatu kipi kimelegea kamba. Kusema hakusema sana. Kila neno lilimtoka kama jino linalong'olewa.

Kiwelu wa Kibosho alijaliwa shingo na mgongo. Mzigo ambao wapagazi wengine waliuzunguka wakiutazama kwa huzuni, yeye aliutupia kichwani akaendelea kusimulia mpira wa jana.

Mbwambo, Mpare, mpishi wa kambi, alijaliwa sauti. Akiita watu waje kula, wa kambi ya jirani nao walitokea na sahani zao. Na kwa kuwa Mpare na Mchaga ni watani, sauti hiyo aliitumia kumtukana kiongozi wake asubuhi, mchana na wakati wa chai, na hakuna aliyeweza kumshtaki.

Kiongozi mwenyewe ndiye Elinami, Mchaga wa Marangu, ambaye Mbwambo alimwita Mangi, kama chifu wa Wachaga. Huyu alijaliwa mdomo, na mchezo wake mkubwa ulikuwa kuigiza wageni. Alikuwa na mmoja aliyependwa kuliko wote: mgeni aliyezidiwa na hewa nyembamba. Magoti yanagongana, macho yanapinda, ulimi unakuwa mzito kama soksi iliyolowa, halafu puu, chini, anaita mama yake. Wapagazi walicheka mpaka wakashikilia mawe.

Ukumbuke mchezo huo. Ndio uliotaka kumuua.

Siku hiyo Elinami alikuwa ameshawafikisha wageni kileleni na kuwarudisha. Msaidizi wake akatangulia nao chini pamoja na wapagazi wengine na mtungi wa hewa. Wakabaki hawa wanne kwenye kambi ya juu kung'oa mahema ya mwisho.

Kichwa kilikuwa kikimgonga Elinami tangu jana yake. Wageni wote yeye ndiye aliyewaonya, "Kichwa kikiuma, sema. Usione haya." Lakini yeye aseme? Kiongozi mzima, aliyezaliwa anautazama mlima kupitia dirisha la jikoni kwao? Na amwambie nani, Mbwambo? Si habari ingefika Same kwa Wapare wote kabla ya chakula cha jioni! Akanyamaza, akainama kung'oa kigingi cha hema.

Alipoinuka, ardhi haikuwa pale alipoiacha. Mguu wa kulia ulikwenda kwake, wa kushoto kwake. Magoti yakagongana. Akafungua mdomo aseme, "Nishikeni," ikatoka, "Nififeni."

Kiwelu akaangua kicheko, akakaa chini. Mbwambo akapiga sufuria kwa mwiko. "Rudia, Mangi! Rudia hapo pa magoti!"

Elinami akarudia, si kwa kupenda. Akaanguka kifudifudi. Makofi! Akajaribu kuita, ukatoka mlio kama wa ndama. Kiwelu akafuta machozi ya kicheko. "Mtazame, leo kaongeza na mate!"

Ndani ya kichwa chake Elinami alikuwa akipiga kelele za mtu kamili, kwa Kiswahili safi. Nakufa, jamani. Huu si mchezo, nakufa. Machozi yakamtoka, na Mbwambo akasema kwa heshima kabisa, "Hapo sasa, Mangi, umewashinda hata wa kwenye televisheni." Hivi umewahi kuzama huku watu wanakupigia makofi?

Lemburis hakucheka. Aliinamisha kichwa kama anayeitwa kutoka mbali, akamwendea Elinami, akamlaza ubavu, akaweka sikio kifuani pake.

"Nyamazeni," akasema. "Kifua kinatokota."

"Kinatokota nini, wewe?" Mbwambo akauliza, mwiko ungali hewani.

"Kama uji. Ana maji ndani."

Mwiko ukashuka. Simu ikapigwa, ikapatikana, na jibu likaja: ukungu umefunga, helikopta haiwezi kupanda. Ugonjwa ule mlimani una dawa moja inayojulikana na kila mpagazi, nayo ni kushuka. Sasa hivi.

Kiwelu akainama, akasema, "Nipeni." Wakamfunga Elinami mgongoni pake kwa kanga ya jikoni na kamba za hema, kama mtoto mchanga mwenye ndevu. Theluji ilikuwa imeanza kunyesha na mawe yanateleza. Kiwelu akashuka. Alipoteleza alianguka kwa magoti, kila mara kwa magoti, kwa sababu angeanguka kwa mgongo angemlalia mwenzake. Goti la kushoto lililia kwa sauti ambayo haikuhitaji masikio ya Lemburis. Hakumshusha.

Lemburis akatangulia, maana ukungu ulikuwa umekula njia, mawe na vidole vya miguu yao wenyewe. Walipofika penye njia panda wakashika kushoto. Elinami, kichwa kikiwa begani kwa Kiwelu, alijua kwamba kushoto ni korongoni. Njia ile aliipita mara nyingi kuliko alivyopita mlango wa kanisa. Akasema, "Kulia!" Ikatoka pumzi tu. Akasema tena. Mate. Kiongozi anabebwa kupelekwa kwenye shimo na watu wanaompenda, na hawezi hata kuwaonyesha kidole! Ndipo Lemburis akasimama, akanyoosha mkono kuwazuia. "Maji yanalia mbele yetu," akasema. "Chini sana." Akarusha jiwe. Walisubiri lilie, na lilichelewa mno kulia. Wakarudi, wakashika kulia.

Mbwambo akatembea nyuma, ana kazi moja: Elinami asilale. Akilala, basi. "Wewe Mangi!" akanguruma. "Ukifa leo, mimi mtani wako nitafika msibani nimevaa koti lako! Nitalala kaburini mwako kabla yako, na sitoki mpaka nipewe jogoo! Na mtori wako nitaunywa mimi, mbele ya mama yako, kwa sauti!" Kila macho ya Elinami yalipojifumba, tusi jipya likaja. Migomba yao ikatukanwa, pombe yao ya mbege ikatukanwa, shangazi zake wote wakapangwa foleni. Mbwambo alilia huku akitukana, lakini hakupunguza hata tusi moja. Elinami alitaka sana kulala. Kulala kulikuwa kutamu. Lakini Mchaga gani analala Mpare akiwa bado anaongea? Mpaka walipofika chini kwenye miti, hewa ikanenepa, na mgonjwa akatoa neno lake la kwanza.

"Makande," akasema.

"Kanitukana!" Mbwambo akapiga yowe. "Jamani, mzima, kanitukana chakula cha kwetu!" Na hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya mwisho. Tangu hapo Mbwambo ananong'ona.

Sasa, nyumbani.

Mama yake Elinami anaitwa Ndeshi. Alikuwa na mwana mwingine, Ndekirwa, mkubwa, naye mpagazi. Ndekirwa aliingia kwenye ukungu miaka mingi iliyopita na mlima haukurudisha hata kiatu. Katika nyumba ile, mbuzi akichinjwa, kidari ni cha mwana mkubwa. Anayekila ndiye anayeitwa kwanza kwenye furaha na kwenye msiba, na ndiye atakayemwaga udongo wa kwanza siku mama atakapozikwa. Tangu Ndekirwa apotee, kidari chake huwekwa juu ya jani la mgomba mpaka kipoe, hakuna anayekigusa.

Simu ya mlimani ilipomfikia Ndeshi, alisimama uani akasema majirani wakisikia: "Atakayenirudishia huyu aliyebaki, atakula kidari cha Ndekirwa. Atakuwa mwanangu."

Hakusema watakao. Alisema atakaye. Na kidari cha nyumba ile hakipasuliwi. Kikipasuliwa kinakuwa nyama tu.

Basi Elinami kapona, mbuzi kachinjwa. Kidari kimechomwa, kiko juu ya jani. Elinami kapewa kisu. "Wewe ndiye uliyekuwepo, baba," mama akamwambia. "Mpe mwenyewe."

Wakaanza kwa mzaha, kama kawaida yao.

"Mimi sisemi kitu," Kiwelu akasema, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. "Daktari kasema goti hili halipandi tena mlima. Nasema tu, kama kuna mtu alimshusha kwa maneno, anyooshe mkono."

"Ungeshusha maiti," Mbwambo akanong'ona, na watu wote wakainama kumsikia. "Maiti iliyonona, iliyobebwa vizuri."

"Na mngeishusha korongoni," Lemburis akasema.

"Wewe umepoteza nini, Lemburis?" Kiwelu akamtania. "Goti unalo, sauti unayo, hata masikio yako yote mawili nayaona hapo."

Lemburis akatazama moto. "Mimi ndiye ambaye sikucheka," akasema.

Ndeshi akageuka polepole. "Walicheka?" akauliza. "Mwanangu anakufa, walicheka?"

Kiwelu akatazama goti lake. Mbwambo akasukuma kuni motoni. Elinami alitaka kusema, mama, mimi ndiye niliyewafundisha kucheka. Alitaka kusema, bila goti hili ningebaki juu, bila masikio haya ningelala korongoni, bila matusi haya ningelala milele. Alitaka kusema kwamba wiki ijayo anapanda tena, na akimpa yeyote, aliyenyimwa ndiye atakayetembea nyuma yake ndani ya ukungu. Akafungua mdomo, ule mdomo wake, na ikatoka pumzi tu.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Amesimama pale na kisu. Mama ananyoosha mkono kuelekea kwenye jani, kama anayetaka kukiondoa kidari. Mafuta yameanza kuganda, na watu watatu hawamtazami kiongozi wao wala hawatazamani. Kumsaidia siwezi. Nimejaribu, na kila nikifika kwenye kidari hicho mkono wangu nao unaganda.

Basi wewe uliyekuwa unatafuna, meza kwanza. Kidari ni kimoja, na kinapoa. Je, wewe ungeamua vipi?